Kinga ya meno ya usiku: kuivaa, kuiosha na kuisoma

Shika kinga yako ya meno, kile kifuniko cha plastiki unachovaa juu ya meno ukilala, uielekeze kwenye taa. Kama umelala nayo mwezi mmoja tu, na kweli unasaga meno, utaona mikwaruzo pale magego yanapokutana, na pengine kibonde kidogo kinachong'aa mahali jino la chonge linapopita likienda na kurudi. Hiyo ni plastiki iliyoliwa badala ya jino. Plastiki ikiisha unatengenezewa nyingine. Enameli, lile gamba gumu la nje la jino, likiisha limeisha, kwa sababu chembe hai zinazolijenga hupotea jino linapochomoza mdomoni.

Naanza na hilo kwa sababu wengi huvaa kinga wakitarajia kuacha kusaga. Wiki tatu zinapita, anayelala naye bado anasikia mkwaruzo usiku, basi kinga inatupwa kwenye droo: "haifanyi kazi." Inafanya. Tumezoea kusikia kuwa kinga ni bora kuliko tiba. Hii ni kinga tu, tiba si kazi yake. Taya litaendelea na mambo yake, ila sasa linasaga kitu kisicho na uhai. Nimelala na kinga kwa miaka sita, ya kwanza niliiharibu mwenyewe kwa ujinga nitakaoueleza mbele, na mengi ya humu nimeyajua kwa kukosea.

Kwanza, una hakika unasaga?

Anayesaga meno usingizini ni nadra kujijua. Kusaga huja kwa vipindi vifupi, zaidi katika usingizi mwepesi, ubongo unapozinduka kwa sekunde chache bila mwenyewe kuamka: mapigo ya moyo yanapanda, kisha misuli ya taya inakaza. Shahidi ni aliyelala kando yako. Lakini wapo wanaobana meno kimya kimya, bila sauti yoyote, na hao hawana shahidi. Wajikague asubuhi.

Taya limechoka kama la mtu aliyekesha akitafuna. Kichwa kinauma kwenye panja, kisha maumivu yanapoa kadiri siku inavyosonga. Ulimi una vibonyeo pembeni vinavyofuata umbo la meno, na ndani ya shavu kuna mstari mweupe ulionyooka usawa wa meno yanapokutana. Ncha za machonge zimekuwa bapa. Maji baridi yanachoma jino lisilo na tundu. Weka vidole kwenye mashavu, mbele kidogo ya kona ya taya, kisha bana meno: kile kinachoumuka chini ya vidole ni msuli wa kutafunia, na kwa aliyesaga miaka mingi hunenepa hadi uso ukaonekana wa mraba.

Dalili moja peke yake haitoshi. Meno hulika pia kwa asidi, ya vinywaji au ya tumbo inayopanda kooni, na meno bapa unayoyaona leo huenda yalilika zamani, kusaga kwenyewe kulishakoma. Daktari wa meno ndiye wa kutofautisha.

Mweleze pia mambo mawili ambayo watu husahau. Moja ni usingizi wako. Kama unakoroma kwa nguvu, unakatika pumzi usiku au unaamka ukihema, na mchana unasinzia hovyo, aambiwe kabla hajakutengenezea chochote. Kukatika pumzi usingizini na kusaga meno huandamana mara nyingi, na kwa baadhi ya wagonjwa kinga ya taya la juu imeonekana kuzidisha tatizo la pumzi. Jingine ni dawa. Dawa kadhaa za sonona na wasiwasi, kama fluoksetini, sertralini na paroksetini, zinaweza kuanzisha au kuzidisha kusaga. Usiiache dawa kwa uamuzi wako. Zungumza na aliyekuandikia.

Kuchagua aina

Kinga ya wanamichezo tuiweke kando. Ile imeundwa kupokea pigo moja la ghafla, haikuundwa kwa saa nane za msuguano, na ni nene mno kulala nayo.

Kinga laini ni kama mpira, huzoeleka haraka na haichukui muda kutengenezwa. Kasoro yake ni kwamba baadhi ya watu huitafuna usiku kucha na kuamka na taya linalouma kuliko zamani. Kinga ngumu ni ya akriliki, aina ya plastiki ngumu: imara, inasuguliwa na kurekebishwa na daktari mpaka meno yote yaiguse sawasawa, na ndiyo inayodumu kwa msagaji mzito. Katikati kuna ya tabaka mbili, laini ndani na ngumu nje, ambayo wengi huiona ina raha zaidi mdomoni. Ukiniuliza mimi, mwenye taya linalouma asubuhi asianze na laini.

Halafu kuna za kuchemsha na kuuma, zinazouzwa tayari. Sizidharau. Zinafaa kwa swali moja: je, mdomo wako unakubali kulala na kitu ndani? Wiki chache zitakupa jibu. Lakini ni nene, hazishiki vizuri, na hakuna aliyepima meno yako yanavyokutana, kwa hiyo usiigeuze ya miaka.

Ya kujihadhari nayo zaidi ni ndogo inayofunika meno ya mbele peke yake. Magego yasiyoguswa na chochote usiku kucha huweza kuchomoza polepole, na baada ya muda ukagundua kwamba ukifunga mdomo meno ya mbele hayakutani tena. Isitoshe, udogo wake unaifanya iwe rahisi kumeza au kuivuta kooni. Hiyo ivaliwe kwa maelekezo na uangalizi wa daktari tu.

Juu au chini? Daktari ataamua kwa hali ya meno yako. Anayetapika haraka kitu kikigusa kaakaa mara nyingi huvumilia zaidi ya chini.

Siku ya kupimwa na siku ya kuichukua

Tundu lizibwe kwanza, jino linalohitaji kofia livishwe kwanza, ndipo umbo la meno lichukuliwe. Kinga hufuata umbo la siku ile. Ukibadilisha jino moja baadaye, huenda isiingie tena.

Umbo huchukuliwa kwa ujiuji unaoganda ndani ya trei, au kwa kamera ndogo inayopitishwa juu ya meno. Ukirudi kuichukua, usiwe na haraka ya kuondoka kwenye kiti. Kinga ikae bila kucheza hata ukiibonyeza upande mmoja. Daktari ataweka karatasi nyembamba yenye rangi katikati ya meno, atakuambia uume, kisha usage kushoto na kulia. Rangi inabaki pale meno yalipogusa, naye anapunguza palipozidi. Hapa ndipo wagonjwa wengi huwa wapole kupita kiasi. Kama gego la kulia linagusa kabla ya la kushoto, sema. Kama ulimi unakuta kona kali, sema. Kubana kidogo kwa kinga ngumu mpya ni kawaida. Kuuma si kawaida.

Ivae na kuivua mwenyewe mara mbili mbele yake. Inaonekana jambo la kitoto, lakini afadhali uhangaike pale kuliko usiku wa manane mbele ya kioo cha bafuni.

Kama ni ya kuchemsha

Usiitumie kabisa kama una jino linalolegea, meno ya bandia, au vyuma vya kunyoosha meno. Kama huna hivyo, fanya hivi:

1. Ijaribu ikiwa baridi. Kama ncha za nyuma zinachoma fizi, zipunguze kwa mkasi na ulainishe ukingo.
2. Chemsha maji, yaipue, ngoja kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Tumbukiza kinga kwa kijiko chenye matundu, kwa sekunde zilizoandikwa, ukiwa na saa mkononi. Ikizidi inakuwa uji. Ikipungua haishiki umbo.
3. Itoe, maji yachuruzike, na uisubiri ipoe kidogo isije ikakuunguza fizi.
4. Mbele ya kioo, ipachike katikati, funga mdomo taratibu, uma kwa nguvu ya kuacha alama bila kutoboa. Papo hapo ibonyeze kwa vidole kutoka nje ya midomo na mashavu, sukuma kwa ulimi kutoka ndani, na ufyonze hewa yote.
5. Itoe, iweke kwenye maji baridi. Ikicheza mdomoni, pakiti nyingi huruhusu kurudia mara moja au mbili, si zaidi.

Kuivaa na kuivua

Piga mswaki, pitisha uzi wa meno, kisha lowesha kinga kwa maji baridi. Ikiwa na unyevu huteleza vizuri. Ipachike mbele, halafu isukume kwa vidole juu ya magego ya pande zote mbili kwa wakati mmoja mpaka usikie imekaa. Usiiache nusu ukamalizia kwa kuuma. Hivyo ndivyo kinga ngumu zinavyopasuka katikati.

Kuvua ni kinyume chake. Kucha za vidole viwili vya shahada ziingie chini ya ukingo karibu na magego ya nyuma, kulia na kushoto, kisha vuta kwa pamoja: ya juu ishuke, ya chini ipande. Anayevuta upande mmoja anaikunja kila asubuhi, na plastiki inayokunjwa kila asubuhi ina siku zake.

Ikishaingia mdomoni, kinywaji chako ni maji matupu. Chochote chenye sukari hujipenyeza chini ya kinga na kubaki pale, kimezungukwa na meno ambayo mate hayayafikii kuyasafisha. Ukiona lazima ule, ivue, ule, usukutue, upige mswaki, uivae tena. Uvivu wa kufanya yote hayo saa saba usiku, kwa kweli, umenipunguzia mazoea ya kudokoa.

Siku kumi na nne za mwanzo

Mate yatakujaa. Mdomo unadhani umeletewa chakula, nao unajiandaa kukipokea. Maneno yatakuwa na kitembe. Dawa yake ni kuivaa nusu saa au saa moja kabla ya kulala, ukisoma au ukipanga vitu, ili mshangao uishe ukiwa macho. Ukijisikia kutapika, pumua kwa pua polepole, kidevu kishuke kidogo, na uielekeze akili kwenye vidole vya miguu. Kinasikika kama kichekesho, lakini husaidia.

Utaamka na kuikuta chini ya mto. Kuna siku niliikuta ndani ya foronya na mpaka leo sijui ilifikaje. Mkono uliivua usingizini. Ioshe, irudishe, lala. Wengi huzoea ndani ya wiki moja au mbili mradi waivae kila usiku. Anayeivaa usiku mmoja na kuacha mitatu huanza upya kila mara.

Asubuhi, ukiivua, meno yanaweza yasikutane kama ulivyozoea kwa dakika kadhaa. Misuli ilikuwa imepumzika katika mkao mwingine. Kunywa maji, ongea, yatarudi. Yasiporudi mpaka mchana, na hali hiyo ikajirudia siku baada ya siku, acha kuivaa na umwone daktari, kwa sababu hiyo ni dalili ya meno kuhama.

Kuiosha

Hapa ndipo kinga nyingi hufia, na yangu ya kwanza ilifia hapa. Ilikuwa asubuhi ya baridi, nimechelewa, nikaona njia ya mkato: nikaiweka kwenye kikombe na kuimiminia maji moto ya chupa ya chai, nikijiambia naua vijidudu. Iliinuka ncha zake mbili za nyuma, taratibu, kama jani linalonyauka. Nilipojaribu kuivaa iligusa meno mawili tu ya mbele. Vijidudu sijui, lakini kinga ilikufa.

Kwa hiyo maji ni ya baridi au vuguvugu, yale ambayo ukiingiza kidole hayachomi. Mara tu unapoivua, isuuze kabla mate hayajakauka. Mate yaliyokauka huacha utando, utando huo hukamata madini ya mate, na baada ya wiki chache una ugaga kwenye plastiki, sawa na ule wa kwenye meno. Chukua mswaki laini wa kazi hiyo tu, usiwe wa meno yako, tone moja la sabuni ya maji isiyo kali, na usugue pande zote. Sehemu inayosahaulika ni ndani, kwenye vile vishimo vinavyobeba meno. Ncha ya mswaki iingie kila kimoja. Suuza mpaka vidole visihisi utelezi wa sabuni.

Dawa ya meno usiitumie. Ina chembe za kusugulia zinazofaa enameli, lakini plastiki ni laini kuliko enameli na itachubuka. Mikwaruzo midogo usiyoiona ndiyo makazi ya vijidudu, na ndiyo inayoifanya kinga iliyokuwa angavu kama kioo iwe na ukungu.

Mara moja kwa wiki iloweke kwenye maji vuguvugu yenye kidonge cha kusafishia meno ya bandia, kwa dakika zilizoandikwa kwenye boksi, kisha uisuuze sana. Vidonge vingi vya aina hiyo vina pasulfeti, kemikali inayowaletea watu wachache mzio. Fizi zikianza kuwaka au ukapata vipele baada ya kuanza kuvitumia, viache. Kidonge chenyewe, wala maji yake, visiingie mdomoni. Asiye na vidonge atumie siki nyeupe: sehemu moja ya siki, mbili za maji, dakika 20 hivi, kisha maji mengi na mswaki mpaka harufu itoke.

Klorini ya kung'arishia nguo iache mbali. Inadhoofisha plastiki, na ikichanganyika na siki hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma mapafu. Dawa ya kusukutulia yenye alkoholi nayo haifai kulowekea, hukausha plastiki na kuitia ukungu. Na mashine yoyote ya kuoshea vyombo au kupasha chakula usiifikirie.

Ugaga ukishaganda usiukwangue kwa kisu wala sindano. Ipeleke kliniki: wana chombo cha kuoshea kwa mawimbi ya sauti kinachoutoa bila kuchuna kinga.

Ukiwa na mafua au kidonda cha koo, ioshe kwa uangalifu zaidi na uiloweke mara kwa mara mpaka upone. Ukipata fangasi wa mdomoni, ule utando mweupe unaoacha wekundu ukiufuta, mwambie daktari kwamba una kinga. Ukitibiwa mdomo na kinga ikaachwa hivi hivi, fangasi watarudi kutoka kwenye kinga.

Kuihifadhi

Ikung'ute, iache dakika chache kwenye kitambaa safi ikauke, ndipo iingie kwenye kikasha kigumu chenye matundu ya hewa. Kikasha kisichopitisha hewa, chenye kinga mbichi ndani, ni shamba la ukungu. Kikasha chenyewe kioshwe kila wiki. Watu huosha kinga kwa bidii ya ajabu kisha wakairudisha kwenye boksi lenye uchafu wa miezi mitatu. Maabara chache hutaka kinga zao za akriliki zikae ndani ya maji. Kama uliambiwa hivyo, fuata, na maji yabadilishwe kila siku.

Usiifunge kwenye tishu, hata kwa dakika tano. Kitu kilichofungwa kwenye tishu, machoni pa mtu mwingine, ni takataka. Usiiweke mfukoni, utaikalia. Usiiache ndani ya gari juani, wala dirishani, wala karibu na jiko. Na kama mna mbwa, kikasha kiwe juu na kimefungwa. Mbwa huvutwa na harufu ya mate, na hakuna kinga iliyotoka salama kwenye meno ya mbwa. Tena vipande vyake vikimezwa vinaweza kumwumiza.

Kuisoma

Hili sikuambiwa na mtu, nalo limenisaidia kuliko mengine. Kila tarehe mosi naishika kinga chini ya taa na kuipiga picha. Picha sita tu zilitosha kunionyesha kwamba kuna miezi alama hazibadiliki na kuna miezi zinachimbika. Miezi ya kuchimbika ilikuwa ile ya kazi nyingi, kahawa ya jioni na usingizi wa kuiba. Kahawa, pombe na sigara vyote vinahusishwa na kusaga usingizini, na kwa wengine msongo wa mawazo ndio mchochezi mkuu. Kinga imekuandikia usichokikumbuka. Ichukue kama daftari.

Angalia vitu vichache. Alama zikienea pande zote mbili, kinga inabeba mzigo sawasawa. Zikiwa upande mmoja tu, au kukiwa na shimo moja refu pale pengine pote pakiwa pazima, mwonyeshe daktari akaipime upya. Ufa mwembamba kama unywele utauona ukiigeuza geuza kwenye mwanga; leo ni unywele, kesho ni vipande viwili usingizini. Rangi kugeuka manjano kidogo ni umri. Harufu inayobaki baada ya kuosha vizuri si umri, ni uchafu ulioingia ndani ya plastiki.

Mchana nao una kazi yake

Anayesaga usiku mara nyingi hubana mchana bila kujua: akiendesha gari, akijibu ujumbe, akibeba kitu kizito. Meno ya juu na ya chini hayana sababu ya kugusana ukiwa umetulia. Yanagusana ukitafuna na ukimeza, basi. Midomo imefungwa, meno yameachana, huo ndio mkao.

Tamka "n" na uibakize hapo hapo. Sikiliza ulipo ulimi: ncha yake iko nyuma kidogo ya meno ya juu ya mbele, na meno yameachana yenyewe. Nimebandika doa dogo la karatasi kwenye kona ya skrini ya kompyuta. Kila jicho likilipata, naliachia taya. Wiki ya kwanza nilikuwa nalikuta limekazwa karibu kila mara. Lakini kinga yenyewe usiivae mchana, ila kama daktari amekuagiza.

Mtoto anayesaga

Watoto husaga kuliko watu wazima, na wengi huacha wenyewe wanavyokua. Kusaga meno peke yake si kipimo cha minyoo, ingawa wengi wetu tumelelewa tukiambiwa hivyo. Kinga kwa kawaida hawapewi, kwa kuwa taya linakua na meno ya utotoni yanang'oka. Iliyomkaa leo itambana baada ya muda mfupi. Mpeleke akaangaliwe kama anaamka na maumivu, kama meno yanavunjika, au kama anakoroma na kupumua kwa mdomo usiku.

Kuirudisha kwa daktari, na kuiachia

Kila ukienda kukaguliwa meno, nenda nayo mkononi. Ikitobolewa, ikipasuka, ikilegea ghafla au ikikataa kuingia, acha kuivaa mpaka ionwe. Usiigundishe kwa gundi ya dukani, maana gundi hiyo itakuwa mdomoni mwako saa nane, na usiisugue mwenyewe kwa tupa au msasa: ukipunguza upande mmoja kwa kukisia, taya zima linahamia upande wa pili. Nenda haraka zaidi kama taya linakwama likifunguka, kama jino limeanza kucheza, au kama maumivu ya taya na sikio yanazidi tangu uanze kuivaa.

Muda wake wa kuishi unategemea nguvu ya taya lako. Laini ya msagaji mzito inaweza kwisha ndani ya miezi michache. Ngumu iliyotunzwa hufika miaka kadhaa. Ukipewa mpya, ya zamani usiitupe siku hiyo hiyo. Kama haina ufa na bado inakaa vizuri, ioshe, ikaushe, iweke kwenye kikasha chake ndani ya mkoba wa safari, na uijaribu mara moja moja kuona kama bado inaingia. Siku ukisahau mpya nyumbani, ndiyo utakayolala nayo.